Neno Moja Linatosha

Nawasalimu nyote, kuanzia Horohoro kule mpakani, tushuke Mkinga, tupite Tanga mjini, Ngamiani na Chumbageni, Makorora na Raskazone, hadi kwenu Pangani mnaongoja kivuko cha kwenda Bweni. Muheza nanyi sijawasahau. Natumaini chai iko mezani na maandazi hayajapoa.

Kama ilivyo ada yetu hapa redioni kila Alhamisi, tunakaa kwa muda mfupi na jambo moja. Leo jambo lenyewe ni neno. Neno la mtu, lile linalomtoka kinywani asubuhi hata viatu hajavaa.

Basi nianze kwa kuuliza. Jana peke yake, uliapa mara ngapi?

Usiharakishe kujibu. Umeingia soko la Mgandini, umemwona changu mzuri, unauliza bei. Muuzaji anakwambia, "Wallahi mama, mimi mwenyewe nimemchukua kwa elfu kumi na mbili." Nawe unamjibu, "Haki ya Mungu, sina zaidi ya elfu kumi." Na kumi na tano unazo, umezifunga kwenye pindo la khanga. Mnavutana, mnapatana, unaondoka na samaki wako. Lakini hebu tazama kilichopita hapo. Jina la Mwenyezi Mungu limetajwa mara mbili juu ya samaki mmoja, na hakuna aliyesema kweli.

Simu nayo. Mwenzio anauliza, uko wapi? "Niko njiani, nakaribia." Nawe ndiyo kwanza unatafuta taulo. Na fundi wa nguo je? Mimi nina kitambaa kwa fundi tangu kabla ya mfungo. Nikipita ananiambia, "Kesho, bosi wangu, kesho Inshallah." Neno tukufu hilo, Inshallah. Maana yake ni Mungu akipenda. Sisi tumeligeuza likawa na maana ya "usinitegemee."

Sasa wasikilizaji wangu, wapo watu duniani ambao imani yao inawakataza kuapa kabisa. Sisemi kuapa uongo. Hilo linakatazwa kila mahali. Hawa hawaapi hata kwa jambo la kweli. Hoja yao ni nyepesi, mtoto anaielewa. Wanasema hivi: ukiapa leo kwamba unasema kweli, jana ulipozungumza bila kiapo ulikuwa unasema nini? Kiapo kinayagawa maneno ya mtu mafungu mawili, fungu la kuaminika na fungu la kila siku. Wao wanataka fungu moja. Ukisema ndiyo, imetosha. Ukisema hapana, imetosha.

Watu hao jina lao ni Marafiki. Kwa urefu, Jumuiya ya Kidini ya Marafiki. Wenzetu wa Kenya wanawaita Kanisa la Friends, na wapo wanaowaita Wakweka, kutokana na jina la Kiingereza Quaker, yaani mwenye kutetemeka. Jina hilo walibandikwa na hakimu mmoja wa Uingereza mwaka 1650. Alikuwa akimhukumu mwanzilishi wao, George Fox, na Fox akamwambia hakimu atetemeke mbele ya neno la Mungu. Hakimu akawaita watetemekaji kwa kuwakejeli. Jina likabaki, mpaka leo.

Utaniuliza, watu hao wanatuhusu nini sisi wa Tanga? Swali zuri, na jibu lake linapita baharini, nitalifikia. Kwanza tumalizane na kiapo.

Nani kati yenu amewahi kutoa ushahidi mahakamani? Basi anajua. Unaulizwa jina, umri, kazi, dini. Mkristo huapa. Muislamu huthibitisha. Jalada linaandikwa hivyo hivyo: ameapa, au amethibitisha. Huko kuthibitisha bila kuapa kuna historia. Uingereza ya miaka ya 1660, asiyeapa alikuwa hana pa kusimama. Sheria ya mwaka 1662 iliwalenga Marafiki kwa jina lao, wakatupwa gerezani kwa maelfu, wengine kwa ajili ya ibada yao na wengine kwa sababu walimwambia hakimu: nitasema kweli, lakini sitaapa. Mwaka 1696 Bunge la huko likakubali kwamba Rafiki anaweza kuthibitisha kwa neno lake tu, bila kiapo. Mahakama zetu zimerithi mengi katika sheria ya Kiingereza, na mlango huo wa kuthibitisha tuliurithi humo. Walioufungua walifungwa kwanza.

Sokoni nako hawakuwa kama wenzao. Zama hizo Uingereza watu walipatana bei kama sisi. Marafiki wenye maduka wakasema, tukitaja bei ya juu huku tunajua tutashuka, tayari tumesema uongo. Wakaweka bei moja. Mwanzo wateja waliwakimbia. Kisha watu wakaona kumbe duka la Rafiki unaweza kumtuma hata mtoto na asipunjwe, na wateja wakarudi.

Hapa niseme la kwangu. Mama yangu aliuza khanga maisha yake yote, na kwa habari ya kupatana bei sikubaliani na Marafiki moja kwa moja. Kwetu pwani kupatana bei ni mazungumzo. Ni kuulizana habari za nyumbani, za mgonjwa, za mtoto aliyekwenda Dar. Anayelipa bila kusema neno anaonekana ana kiburi. Mama alishusha bei kwa mjane na kuikazia kwa mwenye gari, na wote walijua anafanya hivyo. Lakini namkumbuka vizuri: hakuapa. Mteja akimwambia, "Niapie kama umenunua kwa bei hiyo," mama alimjibu, "Khanga hii hapa, bei nimekwambia." Basi. Hakuwajua Marafiki, na sidhani kama aliwahi kulisikia jina lao. Ila wangekutana, wangeelewana.

Kwa hiyo la kwanza, wasikilizaji, ni hilo la kiapo na bei: neno moja linatosha. Tulishike, maana mengine yote yanatokea hapo.

Tuje kwenye ibada yao. Marafiki wa mila ya kale hukutana katika chumba cha kawaida. Hakuna madhabahu, hakuna mimbari. Hawabatizi kwa maji, hawashiriki mkate na divai mezani. Wanakaa wamezungukana, wananyamaza. Saa nzima. Wanaamini kwamba ndani ya kila mtu kuna nuru itokayo kwa Mungu, na kwamba mtu akituliza nafsi yake ataisikia. Mmoja akihisi amepewa neno, awe mzee au kijana, mwanamume au mwanamke, anasimama, analisema kwa ufupi, anakaa. Kimya kinarudi. Hakuna anayemjibu, hakuna anayebishana naye. Na hilo la wanawake kusema si la juzi. Mwaka 1666 Margaret Fell, mmoja wa mama wa mwanzo wa jumuiya hiyo, aliandika kijitabu cha kuitetea haki yao, naye alikuwa mfungwa.

Najua baadhi yenu mnajiuliza, ibada gani hiyo ya watu kukaa kimya? Bila wimbo, bila mawaidha?

Nami nawauliza, mmewahi kwenda matangani?

Mtu akifiwa, unakwenda. Unavua viatu mlangoni, unaingia, unakaa kwenye jamvi. Unatoa mkono, "Poleni sana," "Mungu awape subira." Kisha unakaa tu. Nusu saa inapita, saa inapita. Mmoja anakumbuka jambo la marehemu, analisema, wenzake wanaguna, kimya kinarudi. Bibi mmoja anavuta uradi. Mtoto anapita na birika la kahawa. Hakuna anayeuliza ratiba. Hakuna anayesema, "Mbona hamzungumzi?" Na unapoondoka unajua umefanya jambo kubwa, nawe hukusema maneno kumi. Mfiwa naye, miaka ishirini baadaye, atakuwa hakumbuki ulisema nini, ila atakumbuka kwamba ulikuja ukakaa.

Ukitaka kujua ibada ya Marafiki ikoje, anzia pale kwenye jamvi. Sisi wa pwani tunajua kukaa kimya pamoja. Tumekuacha huko msibani tu.

Sasa naomba jambo moja ambalo redio hailipendi. Nimemwomba fundi mitambo wetu asitie muziki. Tunyamaze pamoja, nusu dakika. Wewe uliyeko jikoni, weka mwiko chini. Dereva, wewe endelea kutazama barabara. Haya.

(Kimya.)

Ahsanteni. Humu studio nimesikia feni, na kwa mbali nimesikia honi ya bodaboda. Na nimesikia jambo jingine, nalo ni hamu yangu mwenyewe ya kusema upesi. Nusu dakika tu, na ulimi umewasha! Nikajiuliza, kwa siku nzima ni maneno mangapi yananitoka kwa sababu hiyo tu, kwamba kimya kimenishinda?

Hapo ndipo kimya na kweli vinapokutana. "Niko njiani" ya kwenye simu inatoka kwa haraka. "Kesho njoo" ya fundi inatoka kwa haraka. Mtu hakukaa kuwaza nani ataadhirika. Anataka tu swali liishe. Wazee wetu walisema mwenye kelele hana neno, nao hawakuvuka bahari kwenda kujifunza hilo.

Niwasimulie habari ya fundi mmoja. Huyu alikuwa Rafiki, jina lake John Woolman, wa New Jersey, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1720. Alishona nguo kwa mkono. Kabla ya hapo, alipokuwa kijana, alikuwa karani dukani, na siku moja tajiri wake alimwambia aandike hati ya mauzo. Kinachouzwa ni mwanamke mweusi, mtumwa. Mnunuzi amesimama pale pale anangoja. Naye mnunuzi alikuwa Rafiki, mzee wa watu. Maana na hili tuliseme wazi bila kuwapamba: Marafiki wengi wa Amerika ya wakati huo walimiliki watumwa, nao walikaa kimya kila Jumapili wakiisikiliza nuru.

Woolman aliandika. Alisema pale pale kwamba haoni kama jambo hili ni la Kikristo, lakini mkono wake uliandika. Hakulisahau. Baadaye walipomjia watu wamwandikie wosia, na ndani yake mtumwa anarithishwa kama ng'ombe, alikataa, ingawa kuandika wosia kulimletea riziki. Akaanza kusafiri nyumba kwa nyumba kwa Marafiki wenzake waliokuwa na watumwa. Hakutukana mtu. Alikaa nao, alikula nao, aliwauliza maswali. Akilala katika nyumba yenye watumwa, asubuhi alitoa pesa ziwafikie wale waliomhudumia, maana hakutaka kula jasho la mtu bure. Fikirieni aibu ya mwenye nyumba. Mgeni wako analipa chai!

Ilichukua miaka mingi. Woolman alifariki mwaka 1772, na mwaka 1776 Marafiki wa Philadelphia wakaamua kwamba anayeng'ang'ania watumwa si mwenzao tena. Na kule London mwaka 1787 ilipoundwa kamati ya kupinga biashara ya watumwa, kati ya watu 12 walioianzisha, 9 walikuwa Marafiki.

Naam. Sasa tuvuke bahari, nililipe lile deni la mwanzo.

Simama pale bandarini Tanga uangalie mashariki. Ng'ambo ya mkondo kuna Pemba. Wengi wenu mna ndugu huko; wengine nyinyi wenyewe ni Wapemba mliohamia pwani hii. Tunajua karafuu, tunajua boti, tunajua harusi za huku na huko. Lakini tukumbuke na kilichopita katika maji yale zamani.

Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu. Pemba ikasalimika. Bei ya karafuu ikapanda, na mashamba ya Pemba yakataka mikono. Mwaka uliofuata, 1873, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na soko la Unguja likafungwa. Kwenye karatasi, biashara imekwisha. Baharini, usiku, vyombo viliendelea kutoka Pangani na katika vijibandari vya pwani yetu hii, vimebeba watu, kwenda Pemba. Pangani hii hii ya nazi na ya kivuko. Watu walishushwa kutoka bara wakiwa wamefungwa, wakafichwa, wakavushwa gizani. Neno lilikuwa Unguja, na kitendo kilikuwa kwetu.

Kisha tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed akatoa amri: utumwa hautambuliwi tena kisheria Unguja na Pemba. Neno kubwa. Lakini lisome vizuri. Mtumwa hakuwa huru kwa kuamka asubuhi. Ilimbidi yeye mwenyewe aende mahakamani akaombe uhuru wake. Mwenye mali alilipwa fidia. Aliyefanyishwa kazi miaka yote hakulipwa. Na masuria hawakuhesabiwa mpaka mwaka 1909. Mfikirie mtu aliyezaliwa shambani, hajui mji, anatakiwa atembee hadi mjini akasimame mbele ya ofisa na kusema, nataka kuwa huru. Akirudi, kibanda chake kiko katika ardhi ya nani? Ya bwana wake. Upande wetu wa bara nako, sheria ya kuufuta utumwa ilingoja mpaka mwaka 1922.

Mwaka huo wa 1897 Marafiki wa Uingereza wakaja. Henry Stanley Newman na Theodore Burtt walifika kuona kwa macho yao, na huko Pemba, karibu na Chake Chake, Marafiki wakanunua shamba mahali paitwapo Banani. Nia yao ilikuwa kwamba aliyetoka utumwani apate pa kufanya kazi kwa ujira, apate pa kusoma, apate pa kuabudu. Newman aliandika kitabu kwa jina hilo hilo la Banani, kikatoka mwaka 1898. Burtt alibaki kwa miaka mingi. Marafiki hao waliendelea kuwaandikia wenzao Uingereza kwamba amri iliyotolewa na maisha ya watu shambani haviko sawa. Kwao neno la serikali nalo lilitakiwa liwe moja.

Je, walifanikiwa? Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye somo la kweli, na si la kupendeza sana. Marafiki walidhani mtu akitoka utumwani atataka kazi ya mshahara katika shamba lililopangwa vizuri, kengele ikilia saa ya kazi. Watu wengi hawakutaka hivyo. Walitaka kipande cha ardhi, muhogo wao, siku zao. Walikuwa wametoka kuchuma karafuu za mwingine, wakaambiwa waje wachume karafuu za mwingine mwema. Na kwa dini, wengi walikuwa Waislamu au walitaka kuwa Waislamu, kwa sababu katika kisiwa kile huo ndio uliokuwa mlango wa kuwa mtu miongoni mwa watu, mwenye jina, mwenye wa kumsalia jeneza lake. Banani ikapata wafuasi wachache.

Mimi silioni hilo kuwa kushindwa kwa watu wa Pemba kuelewa wema. Walikuwa wameelewa uhuru kuliko waliouleta. Aliye huru anaweza kukuambia hapana, ahsante. Na Marafiki wanaosema kila mtu ana nuru ndani yake, walipaswa kuisikia hiyo hapana kama neno la mtu mwenye nuru. Kama waliisikia yote, wanajua wao na Mungu wao. Lakini hawakuondoka. Hadi leo Chake Chake lipo kundi dogo la Marafiki, katikati ya majirani Waislamu. Zaidi ya miaka mia moja, kundi dogo, na bado lipo.

Kwa upande wa Kenya mambo yalikwenda vingine kabisa. Tarehe 17 Agosti 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi, katika nchi ya Waluhya. Wakaanza na kinu cha kupasulia mbao, shule na hospitali. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi yoyote duniani, zaidi ya laki moja. Mwaka 1946 walipata mkutano wao wa mwaka unaojitegemea. Ndivyo wanavyokiita chombo chao cha juu, mkutano wa mwaka, wala hawana askofu. Kutoka huko imani hiyo ilifika Uganda, ikafika Tanzania kwetu katika mkoa wa Mara. Burundi waliingia mwaka 1934, na Rwanda na Kongo baadaye.

Na ukiingia kanisa la Friends Kaimosi Jumapili, usitegemee kimya cha saa nzima! Wana wachungaji, wana kwaya, wana ngoma, wana mahubiri marefu. Kimya kipo, lakini cha dakika chache. Uingereza nako utawakuta Marafiki ambao wananyamaza kikweli, na baadhi yao neno lenyewe la Mungu linawatatiza kulitamka. Mkenya akisikia hivyo anashangaa: Rafiki gani huyo asiyemtaja Mungu? Na Mwingereza anashangaa: Rafiki gani huyo mwenye mchungaji na kipaza sauti? Mwaka 2012 walikutana kutoka pande zote za dunia pale Kabarak, karibu na Nakuru, Kenya. Wakaabudu pamoja, kwa nyimbo na kwa kimya.

Ni kitu gani basi kinachowafanya wawe wamoja? Ukiwauliza, wengi hawatakutajia kanuni ya imani. Watakutajia mambo ya kutenda: kusema kweli, kushika amani, kuona watu wote sawa, kutojikweza. Wanayaita ushuhuda, maana jirani yako ndiye anayeyashuhudia. Na ushuhuda haupimwi siku ya ibada. Unapimwa Jumatatu, dukani, shambani, kwenye foleni ya kliniki.

Hilo la amani nitalipitia upesi, ingawa Tanga ina haki ya kulisikia. Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi kutoka India kuuteka mji wetu, wakapigana na Wajerumani katika mashamba na mitaa hii, na makaburi mnayajua. Siku chache kabla, mwisho wa Oktoba, kikundi cha vijana wa Kikweka kiliondoka Uingereza kwenda ng'ambo vitani bila bunduki hata moja. Walikwenda kubeba majeruhi. Miaka miwili baadaye serikali yao ilipolazimisha vijana kuingia jeshini, Marafiki kadhaa walikataa wakafungwa. Mwaka 1947 jumuiya zao mbili za misaada, ya Uingereza na ya Marekani, zilipewa tuzo ya Nobel ya amani.

La karibu zaidi ni la Kenya. Mnakumbuka vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya elfu moja waliuawa, na Bonde la Ufa na Magharibi kulichomwa nyumba. Januari 2008, moto ukiwa bado unawaka, viongozi wa Marafiki walikutana Kakamega wakaanza kazi: kupeleka chakula kwa waliokimbia, kisha kukaa na vijana, kisha kukaa na majirani waliochomeana nyumba. Walikuwa na njia iliyokwisha kupitishwa katika mitihani mikubwa zaidi, Rwanda na Burundi. Watu ishirini hivi wanakutana kwa siku tatu, nusu wa upande huu na nusu wa upande ule. Aliyefiwa na mume yuko chumba kimoja na mtu wa upande uliomuua. Na moja ya mambo wanayofundishana ni kusikiliza. Kumsikiliza mtu mpaka amalize, bila kumkatiza, bila kuwaza utamjibu nini.

Nirudie, maana ni jambo kubwa: kumsikiliza mtu mpaka amalize.

Nina la mwisho, nalo ni la vikao. Marafiki hawapigi kura. Hata kwa jambo la fedha, hata kwa jengo. Mwenye kuongoza kikao wanamwita karani. Kazi yake ni kusikiliza, kisha kuandika pale pale kile anachoona kikao kimefikia, na kuwasomea. Wakikubali, imepita. Akiwepo mtu mmoja ambaye moyo wake unakataa kwa dhati, wanangoja. Wiki, mwezi, pengine mwaka. Mtasema kazi haitakwenda. Inakwenda, polepole. Kwani kikao cha mirathi kwetu kinapigiwa kura? Jaribu uone. Nyumba ya marehemu baba, ndugu wanne wanataka kuuza, mmoja hataki. Wanne ni wengi, wanauza. Na huyo mmoja hataingia tena katika nyumba za wenzake mpaka kufa. Wazee wetu walikaa siku tatu juu ya jambo kama hilo, wakala, wakalala, wakarudi kukaa. Walijua kinachogawiwa pale si nyumba peke yake.

Ndoa nayo ni hivyo hivyo. Kwa mila ya Marafiki wa kale, na Uingereza hadi leo, bwana na bibi harusi wanasimama katika kile kimya, wanaambiana wenyewe ahadi yao kwa maneno machache. Kisha waliohudhuria wote wanatia saini kwenye cheti, hata watoto wanaojua kuandika. Fikiria ukumbi wako mzima wa harusi wametia saini! Siku mkigombana, mnao mashahidi mia mbili.

Muda wangu unakwisha, fundi mitambo ananionyesha mkono. Lakini nilianza na kitambaa changu, nimalizie nacho.

Jana alasiri nilipita kwa yule fundi. Alikuwa amekaa barazani, mguu kwenye cherehani, pini mdomoni. Nikamsalimia, akaitika. Nikamwuliza, "Fundi, nguo yangu?" Nikaona midomo inajiandaa kusema kesho. Nikamwambia, "Usinijibu sasa hivi. Fikiria kwanza, mimi nimekaa." Nikakaa kwenye benchi. Akatoa pini mdomoni. Akatazama rundo la vitambaa, akakigeuza kimoja, akageuza cha pili. Bodaboda mbili zikapita. Hatukusemezana.

Kisha akasema, "Kesho siwezi. Keshokutwa nina sare za shule. Jumapili baada ya laasiri, njoo uchukue."

Hakuapa, na wala sikumwomba aape. Jumapili baada ya laasiri nitapita.